Daftari la Ghala: shajara ya kuharakisha hoja za hifadhidata, Busia 2024

Shajara hii ni ya yeyote mwenye programu inayoruka mkononi mwake na kujikokota mkononi mwa mtumiaji. Yetu inaitwa Daftari la Ghala. Inatumika Busia, upande wa Uganda, katika maghala matatu ya mahindi na maharage ya Hajati mmoja anayenunua kwa wakulima na madalali wa Tororo, Bugiri na Iganga, kisha anauza kwa wenye malori yanayovuka kwenda Kenya. Tumeiandika watu wawili: mimi nipo Busia, mwenzangu yupo Jinja.

Ilizaliwa mwaka 2021. Machi ya mwaka huo Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na zuio lilipolegezwa siku chache baadaye kwa masharti, wanunuzi wakaanza kudai karatasi: mzigo umetoka kwa nani, lini, unyevu asilimia ngapi (kikomo cha viwango vya Afrika Mashariki ni 13.5). Daftari la kaunta halikuweza kujibu hayo haraka.

Vya ndani: Android, Kotlin (lugha ya programu), na Room (maktaba inayoiunganisha Kotlin na hifadhidata) juu ya SQLite (hifadhidata yenyewe, inayokaa ndani ya simu). Programu ikitaka kitu kutoka humo huuliza swali, na swali hilo ndilo hoja. Kila simu inabeba hifadhidata nzima, kwa kuwa mpakani simu hunasa mtandao wa ng'ambo bila kuulizwa na bando linakatika ghafla. Jedwali la `wauzaji` lina mistari 1,900, `mapokezi` 61,000, `malipo` 88,000, na `mipimo` 240,000, maana mzigo mmoja hupanda mizani mara kadhaa.

Jumatatu, 27 Mei: Malalamiko, na simu niliyoinunulisha bure

Karani wa ghala la pili amelalamika kwamba akifungua akaunti ya muuzaji, skrini inazima kabla akaunti haijatokea. Nimekwenda kupima mwenyewe. Akaunti ya muuzaji mwenye mapokezi 412: sekunde 9.4. Akaunti ya namna hiyo kwenye simu yangu: chini ya sekunde moja.

Nikatoa hukumu palepale kwamba simu yake ndiyo mbovu. RAM giga 2, imebandikwa selotepu mgongoni. Nikamshauri Hajati anunue nyingine, akatoa shilingi 420,000 za Uganda. Tukaweka programu na data, tukafungua akaunti ileile: sekunde 5.6. Hajati hakusema neno. Aliitazama simu, akanitazama mimi, akarudi kuhesabu magunia.

Alhamisi, 30 Mei: Kupima kabla ya kugusa

Kosa la kwanza lilikuwa kulinganisha visivyolingana. Simu yangu ina data ya majaribio: mapokezi 3,000, bila picha hata moja. Ya karani ina miaka mitatu ya kazi. Nimeinakili hifadhidata yake nzima kwenye kompyuta, na simu yake ya zamani nimeiazima iwe ya majaribio. Kuanzia leo, kipimo chochote kisichotoka kwenye simu hiyo, yenye data hiyo, hakiandikwi humu.

Kisha nikaiuliza SQLite yenyewe inafanya nini:

```
EXPLAIN QUERY PLAN
SELECT * FROM mapokezi
WHERE muuzaji_id = 311 ORDER BY tarehe DESC;

SCAN mapokezi
USE TEMP B-TREE FOR ORDER BY
```

(Matoleo ya zamani huandika `SCAN TABLE mapokezi`; maana ni ileile.) `SCAN` ni kwamba inapita mstari kwa mstari, yote 61,000, kumtafuta mtu mmoja. Mstari wa chini ni kwamba ikishawapata, inawapanga upya kwa tarehe kila mara.

Nilidhani ufunguo wa kigeni (safu inayoelekeza kwenye mstari wa jedwali jingine) unaoelekea `wauzaji` unakuja na faharasa yake, yaani orodha iliyopangwa ya kufikia mistari haraka. SQLite haitengenezi. Mbaya zaidi, Room ilikuwa ikinionya kila nikijenga programu kwamba safu hiyo haina faharasa, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikiyatazama maandishi yale ya njano kama mtu anayepita mbele ya ombaomba.

Jumatatu, 3 Juni: Faharasa ya kwanza

Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Nusu ya mji imekwenda kuhiji Namugongo na mizani imetulia, siku nzuri ya kufanya kazi.

Faharasa moja ya safu mbili, `(muuzaji_id, tarehe)`, kwa mpangilio huo. Mpangilio ni muhimu. Ni kama orodha iliyopangwa kwa kijiji kwanza, kisha jina ndani ya kijiji: ukijua kijiji unafika haraka, ukijua jina tu unasoma orodha nzima. Sasa mpango unasema `SEARCH mapokezi USING INDEX`, na ule mstari wa kupanga upya umetoweka, maana ndani ya faharasa tarehe zimeshapangwa.

Sekunde 9.4 zimekuwa 7.2. Nilitegemea ziwe sifuri na kitu. Nimekula rolex mbili (chapati za mayai) kwa hasira.

Alhamisi, 6 Juni: Hoja 825 kwa akaunti moja

Nimewasha kumbukumbu ya kila hoja inayopita, nikafungua akaunti. Skrini ya kompyuta ikateremka kama mvua: hoja 825. Moja ya kuleta mapokezi 412, kisha kwa kila pokezi moja ya mipimo yake na moja ya malipo yake. Kila moja ni nyepesi (mipimo na malipo yana faharasa, kwa sababu mwenzangu ndiye aliyeyaandika na yeye husoma maonyo), lakini ni kama kumtuma mtoto dukani kuleta njugu moja, arudi, umtume tena.

Nikaunganisha majedwali matatu kwa `JOIN`, nikajumlisha kilo na shilingi, muda ukashuka vizuri. Nikampelekea Hajati aone. Alivaa miwani, akasoma akaunti ya dalali mmoja.

"Kijana wangu, hii simu inasema huyu nimemlipa mara tatu."

Alikuwa sahihi. Mzigo wenye mipimo mitatu na malipo mawili, ukiuunganisha na vyote kwa pamoja, unazaa mistari sita: kila pimo limekutana na kila lipo. Malipo yanahesabiwa mara tatu, kilo mara mbili. Ningelitoa toleo lile, ingekuwa kesi.

Marekebisho ya kwanza: kujumlisha mipimo pembeni kwa `GROUP BY`, malipo pembeni, kisha kuunganisha majumla. Hesabu zikawa sawa, kasi ikarudi nyuma, kwa kuwa SQLite ilikuwa ikijumlisha mipimo yote 240,000 ili kumhudumia muuzaji mmoja. Marekebisho ya pili, yaliyobaki:

```
SELECT p.id, p.tarehe, p.hali,
  (SELECT SUM(kilo) FROM mipimo WHERE pokezi_id = p.id) AS kilo,
  (SELECT SUM(kiasi) FROM malipo WHERE pokezi_id = p.id) AS kiasi
FROM mapokezi p
WHERE p.muuzaji_id = :id
ORDER BY p.tarehe DESC
```

Wengi tulifundishwa kuiogopa hoja ndani ya hoja. Hapa kila hoja ya ndani inagusa mistari mitatu minne kupitia faharasa, na yote hufanyika ndani ya SQLite bila kurudi kwenye Kotlin. Sekunde 2.3.

Jumanne, 11 Juni: Siku niliyofuta mapokezi 74

Hii naiandika kwa kirefu, ndiyo iliyoniuma.

Kuongeza faharasa ni kubadili umbo la hifadhidata, kwa hiyo Room inataka migresheni, yaani maelekezo ya kuihamisha data kutoka umbo la zamani hadi jipya. Niliiandika, nikaiita faharasa jina fupi nililolipenda, `idx_muuzaji`. Room haijali unachopenda. Inatarajia jina inalolitunga yenyewe, `index_mapokezi_muuzaji_id_tarehe`, na ikikuta jingine inasema migresheni haikufanyika sawasawa na kuiangusha programu inapofunguliwa. Kwenye simu yangu sikuliona hilo kwa sababu niliisakinisha upya, bila data ya kuhamisha.

Saa mbili asubuhi maghala mawili yamepiga simu: programu inafunguka na kufa. Malori mawili yapo kwenye foleni. Kwa pupa nikaiondoa migresheni yangu na kuweka `fallbackToDestructiveMigration`, ile amri inayoiambia Room kwamba isipoona njia ya kuhama ifute kila kitu ianze upya. Nilijipa moyo kwamba data yote ipo kwenye seva (kompyuta ya mtandaoni ambako simu zote hupeleka data), simu zitaivuta tena. Nikatuma toleo.

Programu ikafunguka kila mahali. Maghala mawili yakavuta data yao. Ghala la tatu halikuwa limepeleka chochote kwenye seva tangu Jumapili, bando liliisha. Mapokezi 74 yakaenda na maji.

Kilichotuokoa ni vitabu vya risiti za kaboni ambavyo Hajati alikataa kuviacha nilipomshauri aviache. Karani aliyaingiza upya jioni mbili. Nimemlipa shilingi 20,000 kutoka mfukoni mwangu na sikuthubutu kuomba zirudishwe.

Kanuni zilizobaki baada ya hapo: amri ile haimo tena popote kwenye msimbo wetu, jina la faharasa linanakiliwa kutoka kwenye faili la umbo ambalo Room hulitoa wakati wa kujenga, na kila migresheni inapitishwa kwanza kwenye nakala ya hifadhidata ya kweli, toleo la zamani hadi jipya, kabla haijafika Busia. Na programu inakataa kujisasisha ikiwa kuna mistari ambayo haijafika kwenye seva.

Jumatano, 19 Juni: Ripoti ya siku, na saa tatu zilizopotea

Idd imepita Jumapili, tumerudi kazini. Ripoti ya jumla ya siku ilikuwa inachukua sekunde 2.6. Hoja ilikuwa hivi (`tarehe` tunaiweka kama namba ya milisekunde):

```
WHERE date(tarehe/1000, 'unixepoch') = date('now')
```

Makosa mawili katika mstari mmoja. La kwanza ni la kasi: faharasa imepanga `tarehe`, haikupanga `date(tarehe/1000…)`. Ukiivika safu kazi ya namna hiyo, SQLite inalazimika kuihesabu kwa kila mstari ili ijue unalingana au la. Jaribio la kuongeza faharasa ya `tarehe` peke yake halikubadili kitu.

La pili ni la ukweli, na lilikuwepo tangu 2021. SQLite husoma muda kwa saa za UTC, saa ya kimataifa. Sisi tumetangulia saa tatu. Lori likishushwa saa saba usiku, kwa SQLite bado ni saa nne usiku ya jana. Karani wa ghala la kwanza kwa miaka mitatu amekuwa akisema "simu inachelewa siku", na sisi tumekuwa tukimjibu kwamba amekosea kuingiza. Nimempigia simu kumwomba radhi.

Ningeongeza neno `'localtime'` siku zingekuwa sawa, ila faharasa ingebaki imelala. Badala yake Kotlin inahesabu mwanzo wa siku na mwanzo wa siku inayofuata kwa saa za Kampala, inapeleka namba mbili:

```
WHERE tarehe >= :mwanzo AND tarehe < :mwisho
```

Pamoja na faharasa ya `tarehe`, milisekunde 40. Ikazua jingine: jumla za siku za nyuma zimebadilika na hazilingani na ripoti zilizokwisha chapishwa. Hajati alitaka kujua nani ameiba tani nne za tarehe 8 Februari. Zilikuwa zimehamia tarehe 9, mahali pake. Tulikaa saa mbili na vitabu vya kaboni mpaka akakubali.

Jumatatu, 24 Juni: Kutafuta jina

Hapa nimepoteza siku nne, kwa sababu nilianza na dawa kabla ya ugonjwa.

Kila herufi unayoandika kwenye kisanduku cha kutafuta, simu inaganda. Hoja inatumia `LIKE '%oke%'`. Nikaweka faharasa kwenye `jina`: bure, maana alama ya asilimia mwanzoni ni sawa na kutafuta neno kwenye kamusi bila kujua herufi yake ya kwanza. Nikaitoa ile ya mwanzo, nikabaki na `'oke%'`: bado bure. `LIKE` ya SQLite haitofautishi herufi kubwa na ndogo, faharasa ya kawaida inatofautisha, kwa hiyo hawashirikiani mpaka safu itangazwe `COLLATE NOCASE`, yaani ipuuze ukubwa wa herufi. Nikaacha hiyo, nikaenda kwa FTS4, jedwali maalumu la kutafuta maandishi ambalo Room inalikubali. Ikawa haraka. Ila Okello ameandikwa Okelo, Wafula ameandikwa Waafula kwenye mstari mwingine, na karani amezoea kutafuta kwa kipande cha katikati. Wakaanza kusajili upya watu waliokwisha sajiliwa.

Ndipo nikapima kile ambacho ningepima siku ya kwanza. Kupitia wauzaji wote 1,900 kwa `LIKE '%oke%'`: milisekunde 6. Jedwali ni dogo, halikuwa na shida yoyote. Mzigo ulikuwa ni salio: orodha ilikuwa ikimhesabia kila anayelingana salio lake, na ikifanya hivyo kwa kila herufi.

Sasa inasubiri milisekunde 300 baada ya herufi ya mwisho, inatafuta majina tu, inaonyesha 20, na hao 20 ndio wanaohesabiwa salio. FTS4 nimeing'oa yote.

Jumanne, 2 Julai: Picha ndani ya jedwali

Mwenzangu amekuja kutoka Jinja kutazama kwa nini akaunti bado ni sekunde 2.3. Aliuliza swali moja tu: "Faili la hifadhidata lina ukubwa gani?" Megabaiti 640. Tukatazamana.

Januari tuliongeza picha ya karatasi ya mizani kwa kila pokezi, na kwa haraka zetu tukaiweka kwenye safu ya `mapokezi` yenyewe. Picha 9,000 hivi, kama kilobaiti 65 kila moja. SQLite huweka kila mstari kwenye kurasa ndogondogo; mstari usioenea humwagikia kurasa za ziada zilizofungwa mnyororo. Machi tukaongeza safu ya `hali` (imelipwa, haijalipwa), na safu mpya hukaa mwishoni, yaani nyuma ya picha. Kwa hiyo kusoma neno "imelipwa" ilibidi simu iufuate mnyororo wa picha nzima hadi mwisho. Hoja yetu mpya haikuitaja picha kabisa, na bado ilikuwa ikilipa gharama yake.

Tukazihamishia kwenye faili za kawaida, jedwali likabaki na njia ya faili tu. Akaunti: sekunde 0.3. Hatukuamini, tukarudia mara tano.

Faili halikupungua hata kidogo. SQLite ikifuta kwa kawaida huacha kurasa tupu kwa matumizi ya baadaye. Kulipunguza kunahitaji `VACUUM`, nayo hujenga nakala mpya, hivyo inataka nafasi inayoweza kufika mara mbili ya faili. Simu ya karani ilikuwa na megabaiti 300. Ikagoma: diski imejaa. Kilichojaza ni video za harusi za WhatsApp, na karani hakuwa tayari kufuta hata moja kwa ajili ya hifadhidata yetu. Nilinunua kadi ya kumbukumbu, 35,000, video zikahamia huko, `VACUUM` ikapita. Kutoka 640 hadi 58.

Alhamisi, 11 Julai: Usawazishaji wa jioni

Jioni simu huvuta mapokezi ya maghala mengine. Mistari 300 ilikuwa ikichukua sekunde 48 na skrini inamemeteka kama taa za disko.

Kila mstari ulikuwa ukiingizwa kwa muamala wake peke yake (wa hifadhidata, si wa pesa za simu: fungu la maandishi linalokamilishwa kwa pamoja), na SQLite haimalizi muamala mpaka ihakikishe data imefika kwenye hifadhi ya kudumu. Mara 300. Juu ya hapo, Room huangalia jedwali zima, si mstari: `mapokezi` ikiguswa, kila skrini inayoitazama hurudia hoja yake, hata kama kilichobadilika hakiihusu. Nayo mara 300.

Nikafunga yote katika muamala mmoja: sekunde 1.2, skrini inabadilika mara moja. Furaha ikadumu siku mbili. Karani wa ghala la tatu akasema kitufe cha kuhifadhi kinaganda jioni, wakati mwingine dakika nzima. Nilikuwa nimeufungua muamala kabla ya kuita seva. Mtandao ukisuasua, hifadhidata inabaki imefungwa kwa kuandika, inasubiri mnara. Dawa ni mistari miwili kubadilishana nafasi: vuta kwanza, ukishapata ndipo ufungue.

Jumamosi, 20 Julai: WAL, na nakala yenye pengo

Jambo moja lilikuwa linanisumbua: kwa nini kwenye simu yangu usomaji hausimami wakati wa kuandika, kwa karani unasimama? Jibu limo kwenye Room. Ukiiachia ichague, kwenye simu ya kawaida inatumia WAL, ambapo maandishi mapya huandikwa pembeni na wasomaji hawazuiwi. Kwenye simu inayojitambulisha kuwa ya RAM ndogo inachagua njia ya zamani, na mwandishi anamfungia msomaji. Simu ya giga 2 yenye Android Go ndiyo hiyo.

Nikalazimisha WAL. Siku ya tatu, kitufe chetu cha nakala ya akiba kikatoa nakala isiyokuwa na mapokezi ya asubuhi. Kilikuwa kinanakili faili la `.db` peke yake, na maandishi mapya yalikuwa bado kwenye jirani yake wa `-wal`. Sasa kabla ya kunakili tunaita `PRAGMA wal_checkpoint(TRUNCATE)`, amri inayoyahamishia maandishi hayo ndani ya `.db`. Aliyeligundua ni mwenzangu, kwa mazoea yake ya kufungua kila nakala kuona kama inafunguka.

Ijumaa, 26 Julai: Tamaa ya faharasa

Baada ya ushindi nilijaza faharasa saba kwenye `mapokezi`. Kila moja nayo huandikiwa kila mstari unapoingia. Faili likapanda hadi megabaiti 91, kuhifadhi kukawa kuzito, na nne kati ya hizo hazikutokea kwenye mpango wa hoja yoyote. Nimeziondoa. Zimebaki tatu.

Jumatatu, 12 Agosti: Katikati ya msimu

Mahindi yanaingia mchana na usiku. Kwenye simu ileile ya selotepu: akaunti 0.3, ripoti ya siku milisekunde 40, jina papo hapo. Ripoti ya mwaka bado ni sekunde 4, na nimeiacha. Inaitwa mara mbili kwa mwaka, Hajati akiwa anakunywa chai.

Gharama mpaka leo kwa shilingi: simu isiyohitajika 420,000, karani 20,000, kadi 35,000, bando 65,000, teksi za Jinja–Busia safari nne 120,000. Jumla 660,000, na karibu thuluthi mbili ni ile hukumu yangu ya siku ya kwanza. Simu mpya yupo nayo mjukuu wa Hajati.

Lililobaki mezani: orodha ya mapokezi yote inazidi kuwa nzito kadiri unavyoshuka, kwa sababu `OFFSET 2000` huisomesha SQLite mistari 2,000 ili iitupe. Nimebadilisha iendelee kutoka tarehe ya mstari wa mwisho, nikakuta mistari inayorukwa, kwa kuwa mizigo miwili inaweza kuwa na tarehe moja hadi milisekunde. Nikaandika `(tarehe, id) < (:t, :id)`, ikapendeza kwenye simu zote isipokuwa moja ya ghala la kwanza yenye Android 7. SQLite yake ni 3.9, na kulinganisha jozi namna hiyo kulikuja na 3.15. Nimeiandika kwa njia ndefu:

```
WHERE tarehe < :t OR (tarehe = :t AND id < :id)
```

Inafanya kazi kwenye kompyuta. Kesho naiazima simu ya Android 7 ya yule karani, akikubali.